Mlango Usiotajwa

Goma, 11 Juni 2007

Dada Céline,

Nakusalimia wewe, Mama na nyumba yote ya Nyamitaba. Barua hii nampa Émile wa pikipiki, maana simu yako inapata mtandao pale juu kwenye miti ya karatusi peke yake, na sikuoni ukipanda mlima kwa ajili ya mdogo wako.

Kila Noeli unanicheka kwamba nasomea hesabu za vitu visivyokuwepo. Leo nakueleza kwa bugali. Maji yakiwa mengi, unga unaogelea. Ongeza, ongeza, halafu ghafla mwiko unasimama wenyewe, na hakuna ajuaye ni konzi gani ya unga iliyofanya hivyo. Sasa fikiria bugali ambao kila punje ina miguu yake na inasukuma inakotaka. Hiyo ndiyo kazi yangu. Siafu, ng'ombe, watu wa sokoni: wanatiririka kama maji, kisha wakibanana wanaganda, ingawa kila mmoja ndani bado anasukuma. Natafuta ni lini mtiririko unakuwa ukuta. Nimetengeneza viduara ndani ya kompyuta, vinajisukuma vyenyewe, lakini vinanitii mno. Profesa Marcellin anataka kitu chenye damu.

Nisaidie. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, pima muda kuanzia kichwa cha kwanza mlangoni mpaka mkia wa mwisho, na uniandikie ni mara ngapi walibanana wakasimama. Idadi usiandike, mwiko wa nyumbani naujua. Noeli niliwaona wote malishoni. Upana wa mlango na ukubwa wa zizi nao nakumbuka. Ningekuja kupima mwenyewe, ila Viateur mchungaji hunifukuza zizini kila jioni, eti harufu ya sabuni yangu inatisha ng'ombe. Saa huna, basi tumia rozari. Wewe husali kwa mwendo uleule tangu komunyo ya kwanza.

Mdogo wako,
Élysée

*

Nyamitaba, 24 Juni 2007

Élysée,

Bugali wenye miguu! Nimemsomea Mama, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza: «Batu ba Goma banamulishaka nini ule mutoto?»

Nimefanya ulivyoniomba kwa kuwa tumetoka tumbo moja, lakini nimefanya huku nakutazama kwa pembe ya jicho. Hapa kwetu mtu akiulizia ng'ombe wa jioni, kwanza tunamuuliza yeye jana amelala wapi.

Jumanne: makumi mawili ya rozari na Salamu Maria tatu. Jumatano: makumi mawili kamili. Ijumaa mvua ilinyesha, wakaja mbio: kumi moja na Salamu Maria nane. Kusimama mlangoni, hakuna hata mara moja. Viateur alikuwa ndani anawapokea kama kawaida yake.

Sasa na mimi nina yangu. Hizi rozari zangu anazisoma nani? Na hiyo kompyuta ni ya nani? Mwanafunzi asiye na viatu vya pili hana kompyuta.

Dada yako,
Céline

*

Goma, 15 Julai 2007

Dada,

Silali. Nimeingiza rozari zako ndani ya hesabu na hesabu imekataa. Zizi letu ni dogo. Theluthi mbili ya kundi wakishaingia, waliomo wanajaza nafasi yote, na wanaofuata lazima wakwame mlangoni. Viduara vyangu vinaganda kila mara. Ng'ombe wetu hawagandi, hata kwa mvua, hata wakija mbio.

Basi ni moja kati ya mawili. Ama ng'ombe wa Masisi wanafuatana kwa namna ambayo hakuna mtu ameiandika bado, na mdogo wako ameokota jambo kubwa. Ama kuna kitu hukuniambia. Je, kuna njia nyingine wanayotokea? Nijibu ukweli. Mficha uchi hazai.

Kompyuta ni ya rafiki yangu.

Élysée

*

Nyamitaba, 22 Julai 2007

Viateur, mwana wa Baba Mdogo,

Poleni na msiba wa baba mkwe wako. Tangu uende Pinga nawapokea ng'ombe mwenyewe, na mgongo unaniambia kila asubuhi.

Nakuandikia kwa sababu Élysée ameuliza. Neno kwa neno kama Evode wa chanjo alivyouliza mwaka wa tisini na nane: kuna njia nyingine wanayotokea? Unakumbuka Baba alivyocheka, akamshika Evode mkono, akampeleka mpaka kwenye mlango wa nyuma wa wakati ule, nusu ya kundi ilipokuwa ikipita moja kwa moja kwenda kulala mianzini, ili anayetazama kutoka barabarani aone nusu tu. Wiki tatu hazikuisha. Wenye bunduki walikuja, na mlango wa mbele hawakuugusa. Walingoja nyuma.

Halafu baba yako akafungua mlango mpya, na sheria ikabaki sheria: unajulikana na mchungaji mmoja na mtoto mmoja wa nyumba, na aliyeutaja haonyeshwi tena, hata awe mwenye zizi. Mtoto huyo nikawa mimi. Mwaka mzima, mpaka alipokufa, Baba aliniuliza kila jioni, «Céline, mulango iko wapi?» Na mimi binti yake nikamjibu, «Hakuna, Papa.» Sijawahi kusema neno zito kama lile.

Élysée hakuonyeshwa, alikuwa mdogo, kisha akawa mtu wa shule. Moyo unataka nimwambie. Lakini Émile ananiambia amemwona Goma na Pierre, mtoto wa yule yule Evode, wameinamia kompyuta moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Nifanye nini?

Céline

*

Pinga, 3 Agosti 2007

Dada Céline,

Barua nimepata. Tulizika muzuri.

Ule mutoto mimi namupenda, lakini mapendo haifungake zizi. Kama anauliza kwa sababu hajui, akikosa jibu hatakufa. Kama anauliza kwa sababu ya Pierre, akipata jibu, sisi njo tutakufa. Umwambie hakuna. Na hii karatasi uitie mu moto.

Narudi mwisho wa mwezi.

Viateur

*

Nyamitaba, 12 Agosti 2007

Élysée,

Umeniuliza kama kuna njia nyingine. Hakuna. Mlango ni ule ule unaoujua. Ng'ombe wetu ni wa ajabu, basi, andika hivyo na ufaulu.

Sasa unijibu wewe. Rafiki mwenye kompyuta ana jina. Jina lake ni Pierre, na baba yake ni Evode wa chanjo. Ulifikiri Nyamitaba ni mbali kiasi gani? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi si ung'ongo niliouona.

Mama ameshuka Mweso kutibiwa macho. Atafikia kwa Mama Aurélie, kule kwenye kambi ya waliokimbia vita. Wiki mbili, wamesema.

Céline

*

Mweso, 6 Novemba 2007

Dada Céline,

Barua yako ya Agosti imenifikia Oktoba. Barabara zilifungwa kwa vita, wewe unajua kuliko mimi. Nilipoisoma nilikasirika, nikaiweka, nikakasirika tena. Pierre mwaka wa tisini na nane alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake hayupo tena, na hata angekuwepo, mtoto hajibii makosa ya baba. Pierre ndiye aliyeniandikia programu, ndiye anayegawana nami sahani ya maharagwe. Unaniona mimi ni mtu wa kuuza zizi la Baba? Imeniuma.

Lakini nina habari, na nataka uzisikie kwangu. Niko Mweso pamoja na Profesa. Mama nimemkuta, dawa ilimsaidia, ila njia ya kurudi ndiyo hiyo, na wiki mbili zimekuwa miezi mitatu. Anakula chakula cha kambi kama wengine. Mwezi uliopita siku ya kugawa unga watu walibanana, wakaganda, na wanawake wawili walivunjika mbavu. Kamati ya kambi ikatafuta mtu wa kuwashauri. Profesa akanitaja.

Wamejenga ua wa mbao, mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Wanauliza: tuingize watu wangapi kwa mara moja? Kwa hesabu za zamani ningesema mia mbili na hamsini. Kwa ng'ombe wetu, nasema mia sita. Ukiwapanga wafuatane vizuri hawagandi, umeniletea ushahidi mwenyewe. Kamati imefurahi sana, maana hivyo wote watapata kabla ya jua kuzama na hakuna atakayetembea gizani na unga kichwani. Ni Jumamosi tarehe 17. Mama yumo katika kundi la kwanza.

Kwa mara ya kwanza hesabu zangu zinamsaidia mtu. Nilitaka ujivunie.

Élysée

*

Nyamitaba, 8 Novemba 2007

Élysée,

Usiwaingize mia sita. Toboa mlango wa pili, nyuma. Usiniulize kwa nini. Na Mama asiende.

Céline

*

Mweso, 11 Novemba 2007

Dada,

Kila kitu kwako ni «usiniulize». Nimeiweka barua yako mbele ya kamati na wamenitazama kama mgonjwa. Mlango wa pili, wanasema, ni mlango wa wizi: watu wataingia bila karatasi, wenye nguvu watabeba magunia. Wanataka sababu ninayoweza kuiweka mezani. Nimewaambia sina, ila dada yangu anaogopa.

Mama anasema ataenda. Asipoenda hali.

Sema ukweli, bado ni Pierre? Unataka kazi yangu ianguke kwa sababu imepita kwenye kompyuta yake? Kama ni hivyo, sema, nikujue.

Élysée

*

Nyamitaba, 14 Novemba 2007

Mdogo wangu,

Nimekuandikia barua hii mara tatu, mbili nimezichoma. Najua kuna barieri mbili za wenye bunduki kati yangu na wewe, na najua pale barua zinafunguliwa. Kumpa Émile kwa mdomo siwezi: Émile ni mtu mwema lakini habari haimkai tumboni. Na wewe kamati imekuambia inataka sababu.

Sababu ni hii. Ng'ombe wetu hugandana kama ng'ombe wa watu wote. Zizi lina mlango wa nyuma, chini ya matete. Wanapoingia mbele, nusu wanatoka kule kule bila kusimama, wanakwenda kulala mianzini. Ndiyo maana zizi halijai. Ndiyo maana rozari zangu zilikuwa nzuri. Uliponiuliza nikasema hakuna, nilisema uongo, na ule uongo ndio mliojenga ua juu yake.

Sikukuambia kwa sababu Baba alimwambia Evode, na sote tulichimba kaburi la Baba mwaka uliofuata. Nilikutilia shaka wewe, niliyekubeba mgongoni kutoka Nyamitaba mpaka Kitshanga wakati wa kukimbia. Nakuomba radhi, na bado nakuambia kweli: shaka haijaisha yote. Lakini siwezi kulinda ng'ombe kwa mbavu za Mama.

Viateur nimemwambia jana kwamba nautaja. Alinawa mikono, akaondoka.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi leo najikwaa kwa kupenda. Toboa ule ua.

Céline

*

Mweso, 18 Novemba 2007

Dada yangu,

Mama mzima. Naanza na hilo.

Barua ilinifikia Alhamisi. Nilimsomea Mama Aurélie peke yake, yeye ndiye mkubwa wa kamati, kisha nikaitia motoni mbele yake. Ijumaa aliita fundi, wakakata mbao nyuma ya ua, na wanaume wanne wakasimama pale kuangalia karatasi. Kundi likapunguzwa kuwa mia tatu. Mimi bado nilisema ni wengi, wao wakasema mvua inakuja.

Ilikuja. Na pamoja nayo risasi tatu kule kilimani, hatujui za nani. Walio nje wakasukuma waingie, walio ndani wakasukuma watoke, na mlango wa mbele ukaganda. Dada, nimechora jambo hilo miaka miwili, viduara vya bluu na vyekundu. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake. Nilimwona mama mmoja miguu haigusi chini. Watu hawalii pale, pumzi haitoshi. Mama Aurélie akapaza sauti, «Nyuma! Bapite nyuma!» na wale wanaume wakang'oa mbao nyingine mbili, na polepole ukuta ukarudi kuwa watu. Walikuwa mia tatu. Mimi nilitaka mia sita.

Mama alitoka na ndala moja, kilemba hakuna, unga ameushika. Akaniuliza, «Ni nani alikata ule mulango? Mungu amubariki.» Nililia tu.

Ile sura ya ng'ombe katika tasnifu yangu nimeifuta. Profesa ameuliza kwa nini nimetupa jambo zuri kuliko yote niliyopata, nikamwambia vipimo havikuwa sahihi, kosa langu. Pierre naye aliuliza. Nilimjibu hivyo hivyo. Sijui kwa nini nakuandikia hili la Pierre. Labda ili ulale.

Lakini jambo moja. Bahasha yako ilinifikia imefunguliwa. Émile anasema barieri ya pili walimkalisha chini, na mmoja akaisoma taratibu, anapitisha kidole chini ya maneno. Mwambie Viateur upesi.

Élysée

*

Zizini, 27 Novemba 2007

Dada Céline,

Nakuandikia kwa sababu sitaki kuyasema tukiangaliana.

Walikuja juzi. Zizi ya mbele hawakuangalia kwanza, balienda moja kwa moja ku matete. Walikuta miiba na udongo. Mimi nilifunga kule siku ile ile uliniambia, kabla hata barua haijatoka. Nilifungua fasi ingine ya kupita. Walinipiga makofi, bakaniuliza, nikasema hakuna. Kwa hasira walibeba zile za mbele. Za nyuma ziko muzima.

Dada, ulifanya muzuri. Mama yetu sote iko anapumua. Lakini sheria unaijua kuliko mimi. Jioni usikuje tena ku zizi. Mutoto wa nyumba mwenye anabakia ni Élysée. Akikuja Noeli, namuonyesha yeye peke yake. Unisamehe.

Viateur

*

Nyamitaba, 9 Desemba 2007

Mdogo wangu Élysée,

Mama amefika jana, barieri zimeondolewa na Émile amemleta taratibu. Amenieleza habari ya ule mlango mara nne, na kila mara fundi anazidi kuwa mtakatifu. Sijamwambia.

Waliobebwa ni wale wa mbele. Na yule ng'ombe mweupe wa Baba yumo, yule mzee aliyekuwa akiingia wa mwisho, rozari yangu ilikuwa inaishia kwake. Nimelia kwa ajili yake kuliko wengine wote.

Barua ya Viateur nakutumia ndani ya hii, uisome mwenyewe. Nilipoisoma nilipanda mlima mpaka kwenye karatusi nikupigie simu nikulalamikie juu yake, nikashika simu, nikairudisha mfukoni. Ana haki. Jioni sasa nakaa jikoni na kuwasikia wakiingia. Nahesabu Salamu Maria bila kutaka. Wanaingia kwa ulaini ule ule, hawasimami, na mimi sijui wanakwenda wapi.

Basi njoo Noeli. Oga kwa maji matupu, sabuni iache Goma. Viateur atakushika mkono akuonyeshe, na kuanzia hapo wewe ndiwe mtoto wa zizi, wewe niliyekuogopa. Pierre ukitaka umlete ale nasi. Nitampikia. Ila jioni atakaa jikoni pamoja na mimi.

Na kitu kimoja nakuomba, nacho usikisahau hata nikizeeka. Mimi najijua. Jioni moja nitakutazama ukirudi kutoka kule, na nitakuuliza mlango uko wapi. Nitakuuliza kesho yake tena, kama Baba. Usinionee huruma, Élysée. Sema hakuna.

Dada yako,
Céline